Mpunga Ulioiva Peke Yake

Majirani zangu, na hasa nyinyi mnaopenda kusogeza mpaka hatua moja kila mwaka, nataka mjue yaliyoipata nyumba ya Alimasi wa Kasongo. Ni zamani, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita, na Wazungu bado hawajaukalia mji.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Waridi, mke wa Alimasi, alikaa uani akipepeta mchele, kuku wawili wakimzunguka. Mumewe alikuwa akichonga mpini wa jembe. Ndani, binti yao Subira alikuwa anacheka peke yake, kama wanavyocheka wasichana waliokwisha kuposwa. Mchumba wake, Yakubu, alikuwa mtu wa Kabambare, mwendo wa siku tano kwa miguu, na arusi ilingojea mavuno. Nyumba ilikuwa imetulia, hata moshi wa jikoni ulipanda wima.

Mara pembe ikalia njiani. Ilikuwa mbiu ya Baraza la Ardhi.

Mji ule ulikuwa na bonde la mpunga ambalo halikuwa mali ya mtu. Liwali aliweka wasimamizi wake, ndio hilo Baraza, nao kila mwaka walilipima kwa kamba, kila nyumba ikapata kipande. Mkubwa wao alikuwa Wakili Sumaili, mzee mrefu mwenye kikohozi. Siku za kupima hakupokea hata yai kwa mtu.

"Sikieni!" mpiga mbiu akaita. "Tunapima bonde mwezi ukiandama! Kupanda ni juma moja, watu wote pamoja! Na ukingo wa mto ni wa nyasi za kuezekea, asiguse mutu!"

Alimasi akaweka mpini chini. "Mwezi ukiandama? Na kipande chetu kile cha kulala paka? Mama Subira, wageni wa Kabambare watakula nini?"

"Watakula tulicho nacho, Baba Subira."

"Waseme binti ya Alimasi aliolewa kwa mihogo? Hapana!"

Hivyo ndivyo tamaa ilivyoingia, jamani, ikiwa imevaa nguo ya arusi. Kesho yake Alimasi alipenya nyuma ya matete, akalima ukingo wa mto, zile nyasi za watu wote akazing'oa, akapanda mpunga kabla ya wengine. Siku ya kupima alikuja kama wengine, akapokea kipande chake, akasema ahsante kwa sauti kubwa. Waridi alijua. Alinyamaza, na kunyamaza kule kulimkaa kifuani kama ugali usiotafunwa.

Mvua zilinyesha vizuri. Mpunga wa nyuma ya matete ulipoanza kubadilika rangi, Alimasi alitembea kifua mbele. Akamtuma mtu wa msafara kwenda Kabambare: "Waambie waje mapema. Mupunga wetu iko mbele ya mji mzima!"

Sasa niwaambie kwa nini Baraza lilitaka watu wapande pamoja. Mpunga wa bonde zima ukiiva juma moja, ndege wanagawanyika, kila nyumba inapoteza kidogo. Lakini ukiiva peke yako, ndege wote wa nchi ni wageni wako.

Wakaja. Walikuja kama wingu, wakashuka, mabua yakainama. Na kuamia ndege ni kazi ya makelele: unapanda dunguni, kwenye kile kichanja cha kulindia shamba, unapiga ngoma, unarusha mawe kwa kombeo, unapayuka. Alimasi angepayuka vipi? Ng'ambo ya matete majirani walikuwa wanapalilia! Basi nyumba ile ikaamia ndege kwa kunong'ona. Nani amepata kusikia jambo kama hilo?

"Shii," Alimasi aliwaambia ndege, kidole mdomoni. "Shii, tokeni."

Waridi alipunga kaniki yake huku na huku. Subira alipiga makofi ya kimya, viganja visigusane. Siku ya kwanza ndege walishtuka. Siku ya tatu walikuwa wamezoea. Mmoja alitua juu ya kofia ya Alimasi, akajikuna.

"Baba," Subira akasema, "huyu naye ametoka Kabambare?"

"Nyamaza, mutoto weye!" Lakini alinong'ona.

Siku ya nne habari zikafika: wageni wamelala kambi ya karibu, kesho kutwa wako mjini, watu ishirini. Waridi akatazama shamba. Nusu ilikuwa makapi matupu. Ghalani mchele ulikuwa umekwisha, na kipande chao halali kilikuwa bado kijani. Watu wa Yakubu wakikuta masufuria yamelala, watasema wamefanyiwa mzaha, watarudi na mahari yao. Akamtazama Subira, mikono imechoka kwa makofi ya kimya, bado anajaribu kucheka.

"Baba Subira, nitaita watu."

"Utaniua kwa aibu!"

"Aibu utaishi nayo. Mutoto bila arusi, miye sitaishi naye vizuri."

Akapanda dunguni, akashika kiuno, akatoa sauti aliyoifungia miezi mitatu. "Huuuya! Huuuya! Majirani, njooni, ndege wanakula arusi ya mwanangu!"

Ndege waliruka wote kwa mpigo mmoja. Matete yakafunguka, watu wakaingia na majembe, na vyungu, na ngoma. Wa mbele alikuwa Bibi Faida, mjane mwenye nyumba inayovuja. Akasimama, akaangalia.

"Kumbe nyasi za paa langu ndizo zimekuwa mupunga?" akasema. "Alimasi, umeezeka tumbo!"

Watu wakacheka, lakini Alimasi akainamisha kichwa. Wakili Sumaili akafika akikohoa, kamba begani. Waridi hakungoja kuulizwa. Alisimulia yote, hata kunyamaza kwake.

"Mumefukuza ndege kwa kunong'ona?" Wakili akauliza.

"Ndiyo, Wakili."

Mzee akageuka pembeni, mabega yakatikisika. Aliporudi uso ulikuwa mkavu. "Ardhi hii ni ya wote, basi mpunga wake ni wa wote. Tuvune leo, tupike arusini, mji mzima ule. Alimasi atamwezekea Bibi Faida kwa nyasi za mbali, atarudisha nyasi za ukingo. Na Ijumaa mbiu atapiga mwenyewe."

Wakavuna mpaka alasiri, ngoma upande huu, vigelegele upande ule. Wageni walipofika walikuta masufuria yanachemka na mji umejaa uani. Mjomba wa Yakubu alimwambia Alimasi, "Mkwe, una ndugu wengi!" Alimasi akajibu, "Nimewajua juzi tu."

Ijumaa akashika pembe, jasho likimtoka. "Sikieni! Mimi Alimasi nililima ukingo wa wote. Asiguse tena mutu, na wa kwanza asiyegusa ni miye!" Waridi, mlangoni, alipiga kigelegele kirefu kuliko cha arusi.

Mafunzo

Ardhi ya wote haina mlinzi ila sisi wote. Anayeimega kwa siri anajiondoa kwa majirani, na siku ya shida hawezi hata kupiga kelele. Wake na waume, msifiche kosa la nyumba kwa kuogopa aibu. Ukilisema mapema, bado kuna kitu cha kuokoa.