Msimamizi wa Ndoa Yangu Aligonga Mhuri Kwenye Mbao Mbichi

Nina umri wa miaka arobaini na moja, mjane, mama wa watoto watatu, mkazi wa Kizwite hapa Sumbawanga. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Anayetaka habari za mama aliyesamehe akalala usingizi mnono, afungue ukurasa mwingine.

Marehemu mume wangu aliniachia karakana ya chaga, zile za mbao zinazopangwa chini ya magunia ya mzigo. Maharage yakivuka ziwa kwenda nchi jirani, chaga zake lazima zipite kwenye tanuri la joto, ili mdudu aliyejificha ndani ya mbao asivuke nazo. Unachoma sindano ya kipimajoto katikati ya ubao ulio mnene kuliko zote. Kiini kikifika nyuzi hamsini na sita, unasubiri nusu saa nzima, ndipo unagonga mhuri. Mhuri wenyewe ni chuma cha moto kinachounguza alama kwenye mbao, na alama ile ilikuwa na namba yangu mimi!

Sasa huyu Deo... Deo alikuwa msimamizi wa ndoa yetu. Sisi Wakatoliki wa Ufipa tunajua uzito wake. Mkigombana ndiye anayeitwa, ukifiwa ndiye anayekaa nawe mbele. Siku ya mazishi ya mume wangu aliahidi mbele ya watu kwamba karakana haitakufa, nami nikampa kazi ya kuangalia tanuri.

Mwaka jana mama yangu aliugua kule Msanzi, nikaenda kumuuguza. Mhuri nikamwachia Deo. Fundi mmoja alinishauri niufungie kabatini, nikamkemea! Ningemfungiaje kabati mtu aliyesimama nami altareni?

Huku nyuma akaja mfanyabiashara wa maharage, ana haraka, boti inamsubiri bandarini Kabwe. Kuni zilikuwa zimelowa na tanuri halijawashwa. Badala ya kumwambia asubiri, Deo akakipasha moto chuma cha mhuri peke yake, akagonga chaga zote. Mbao mbichi, jamani! Hazikuuona moto hata kwa mbali!

Ng'ambo ya ziwa mkaguzi aliona matundu na unga. Alipopasua ubao mmoja, funza walitoka wazima. Mzigo wote ukarudishwa.

Maafisa wa afya ya mimea wakaja karakanani, nami nikaitwa kutoka Msanzi. Sikuwa na hofu sana, nilijua Deo atasema ukweli. Afisa akamuuliza nani aliagiza.

"Shemeji alipiga simu," alijibu bila kupepesa macho. "Nilifanya alivyosema mwenye karakana."

Simu gani? Saa ngapi? Niliwapa simu yangu waikague... Afisa akaniambia kwa upole kwamba hata kama Deo anadanganya, mhuri umesajiliwa kwa jina langu na mimi ndiye niliyemwachia. Kibali changu cha kugonga mhuri kikafutwa siku hiyohiyo. Mafundi wangu wakatawanyika, na binti yangu mkubwa akasimama chuo.

Kumbe bado! Chaga zilizorudishwa zilitakiwa kuteketezwa. Deo akazikwepesha chache, akampelekea mama yangu Msanzi, eti zawadi ya kumpa pole, apangie mahindi yake ghalani. Mama akamshukuru na kumwombea!

Ndani ya mbao zile mlikuwa na dumuzi, mdudu anayetafuna mbao na mahindi vilevile. Miezi michache baadaye nilipofungua gunia, mkono wangu ulizama kwenye unga, na punje zilizobaki zilikuwa maganda matupu. Mama alikaa mlangoni mwa ghala akaniuliza kama Deo alijua. Alijua! Funza aliwaona kwa macho yake mzigo uliporudi!

Wazee wa jumuiya yetu ya kanisa wakatukalisha. Wakasema msimamizi wa ndoa hashtakiwi, nisamehe, yaishe.

"Shemeji, wale ni wadudu tu," Deo akasema.

"Mama yangu anakula mahindi ya kuomba," nikamwambia. "Nenda Msanzi ukamwambie yeye kwamba ni wadudu tu."

Hakwenda. Mpaka leo hajaenda. Nimemshtaki, na wapo wanajumuiya ambao hawanisalimii tena.

Wasomaji wenzangu, hasa wajane wenzangu, nawasihi... Kitu chenye jina lako usimkabidhi mtu kwa sababu alivaa suti siku ya harusi yako! Mwite kwenye ugomvi, mpe kiti cha mbele msibani, mchinjie kuku akija. Mhuri kaa nao mwenyewe. Na wakikuhimiza usamehe kabla aliyekukosea hajafungua mdomo kuomba radhi, waulize wana haraka ya nini!