Kitanda Kilichokaushwa kwa Drya

Majirani, na ninyi msio majirani lakini mna watoto nyumbani, sogeeni niwaambie jambo. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu hauna pindo, na haya niliyaona kwa macho yangu kwa sababu dirisha langu linatazama ua wa kinyozi. Sikuchungulia. Dirisha ndilo linalotazama huko.

Jumamosi ile ua ulikuwa umetulia. Kinyozi, ndani ya fulana iliyochanika, alikuwa akipiga msasa kitanda kidogo alichokiunda kwa mikono yake. Binti yake, ambaye sote twamwita Msumeno, alikaa mkekani akitafuna kandambili. Alikuwa na meno manne tu, lakini meno yale, jamani! Rimoti, kona ya meza, kidole cha mgeni, hakubakisha kitu. Mama yake, mwalimu wa chekechea, alikuwa akianua nguo huku anaimba. Nyumba ya furaha, nawaambia kweli.

Ila kinyozi alikuwa na jambo rohoni. Mama mkwe wake alikuwa anakuja kesho yake, na mama yule aliwahi kusema mbele za watu kwamba mkwewe anajua kupunguza tu, kujenga hajui. Kitanda kile ndicho kilikuwa jibu lake.

Mbao zilikuwa nzuri na hakuna msumari uliochomoza, haki yake nampa. Kosa lilianza alipoingia stoo akatoka na kopo la rangi nyekundu iliyobaki walipopaka geti, na geti lenyewe lilipakwa kabla hawajaoana. Karatasi ya kopo ilishabanduka zamani.

"Baba Msumeno," mkewe akamwita, "hiyo si ya geti?"

"Rangi ni rangi, mke wangu. Ilimradi ing'ae."

"Watoto wanalamba kila kitu. Mimi nashinda nao. Si ungeuliza kwanza dukani?"

"Mtu mzima niulize kupaka rangi? Wanicheke?"

Basi akapaka. Kabla haijakauka, akapaka tena juu yake, nene. Jua likaanza kushuka na rangi bado inanata. Mwingine angesubiri. Huyu bwana akaenda dukani kwake anakonyolea akarudi na drya ya kukaushia nywele! Anainama, anapuliza, anazunguka upande wa pili, anapuliza tena, utadhani anamtayarisha bwana harusi.

"Kinyozi," nikamwambia kutoka dirishani, "usisahau kumpaka poda shingoni."

Akacheka, na mimi nikacheka mpaka nikajidunga sindano. Tazameni binadamu alivyo: dukani kwake hamgusi mteja kwa wembe uliokwisha kutumika, kichwa cha mtu baki anakiheshimu namna hiyo, lakini kitanda cha mwanawe kinapata masalia ya geti. Juu pakakauka, chini bado tope. Kwa macho, kilipendeza kweli, na watu waliopita njia walisimama kusifu. Uzuri wa mkakasi huo.

Asubuhi ya Jumapili akamlaza mtoto humo ajaribu kabla mgeni hajafika. Mama yuko jikoni, baba ananyoa ndevu mbele ya kioo. Msumeno kimya. Ninyi mliolea mnajua, mtoto akinyamaza, mkimbilie.

Nikasikia ukelele. Nilivuka ua bila viatu, sindano mdomoni. Mama amemkumbatia mtoto, na mdomo wa mtoto ni mwekundu, kidevu chekundu, mikono miekundu.

"Damu! Mwanangu anatoka damu!"

Haikuwa damu. Ukingo wa kitanda ulikuwa umemenyeka kama ngozi ya kiazi, na vipande vyake viko kinywani mwa mtoto. Kinyozi alisimama mlangoni, nusu ya kidevu ina povu. Nikamtikisa bega. "Baba we, kopo! Beba kopo twende!"

Hospitalini daktari aliliangalia lile kopo, akaligeuza, hakuna maandishi.

"Hii ni rangi ya namna gani?"

"Nyekundu," kinyozi akajibu.

"Hilo naliona mdomoni kwa mtoto, mzee. Nakuuliza ina nini ndani."

"Sijui, daktari."

Daktari akamsafisha mtoto kinywa, kisha akatuambia bila kuzunguka kwamba rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na risasi hiyo ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo huharibu akili yake taratibu, wala hutaona kidonda. Akachukua damu ipimwe. Kinyozi alikaa benchi la nje, akalia mbele za watu bila kujificha. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, nikaishia kumpa leso.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya begi lake mbele ya geti. Kinyozi akapiga magoti palepale.

"Mama, nimemlisha mjukuu wako rangi."

Akamweleza yote, hata habari ya drya. Bibi yule akamchukua mtoto, akamtazama ulimi, akamtazama mkwewe. Nikasema leo ni leo. Lakini akasema tu, "Inuka. Kwanza tusubiri majibu. Ya kugombana yapo, hayaozi."

Zile siku za kusubiri, nyumba ile haikuwa na wimbo. Majibu yalipotoka, damu ilikuwa safi. Alikuwa hajameza kitu cha kudhuru. Mama Msumeno alirudi nyumbani anacheza njia nzima, na mimi nyuma yake, na watu wasiotujua wakapiga makofi.

Kile kitanda hakikufaa hata kuni, maana daktari alikataza moshi wake pia. Kinyozi akanunua mbao nyingine, akaunda upya. Kisha akaenda duka la rangi, na safari hii alimwomba mkewe wafuatane.

"Dada, sijui kitu," akamwambia muuzaji. "Nifundishe."

"Mtoto anatafuna?"

"Tunamwita Msumeno."

Dada akacheka, akashusha vanishi ya maji. Koponi imeandikwa haina risasi na inafaa vyombo vya watoto. Mama Msumeno akasoma yote mpaka maandishi madogo ya chini. "Paka nyembamba," dada akasema. "Ikauke. Pita msasa laini, futa vumbi, paka tena. Ukimaliza, asilale humo mpaka muda ulioandikwa hapa upite na harufu iishe kabisa."

"Na drya je?"

"Drya ya nini?"

"Basi, dada. Tuachane nayo."

Kitanda kikaanikwa barazani, na mama mkwe akaahirisha safari ili akilinde. Alikaa na fimbo! Kuku akisogea, fimbo. Mimi nikinyoosha kidole kujaribu, fimbo. Kinyozi mwenyewe alichapwa vidole mara mbili, na alishukuru.

Muda ulipotimia tukajaa uani. Bibi akakwaruza ukingo kwa ukucha, akamwaga chai ya moto juu yake, akapangusa. Hakuna alama. Mtoto akawekwa ndani. Alishika ukingo, akautazama, akaung'ata kwa meno yote manne.

Mama yake akachukua kitambaa cheupe, akamfuta ufizi, akakiinua juu. Kilikuwa na mate tu! Vigelegele vile vilipasua mtaa.

"Mkwe wangu," bibi akasema akijifuta machozi, "nimefuta maneno yangu. Sasa niundie na mimi kiti."

"Nitakuundia cha kuegemea, mama," kinyozi akajibu. "Lakini utasubiri kikauke."

FUNZO

Ndugu zangu, kumtengenezea mtoto kitu kwa mkono wako ni mapenzi, na mapenzi hayaishii kwenye msumari wa mwisho. Kile unachopaka juu ndicho mtoto atakachokishika, atakachokilamba, atakachokilalia. Usimpakie rangi usiyoijua asili yake, hata kama ni ya bure na inang'aa. Soma kopo. Uliza dukani, maana kuuliza si ujinga, na aliyekuonya nyumbani msikilize kabla hujamwona daktari. Rangi haina haraka yako wala haijui kwamba mama mkwe anakuja. Mgeni akikuta kitanda hakijakauka atacheka, mtacheka wote, na mtoto atakuwepo acheke nanyi.