Maji ya Nambari Kumi na Mbili

Huyu Mbeti ninayemsimulia alikuwa jirani yetu hapa mtaani Mbotela, mke wa Mativo, na wengi tulimwita Mama Koki. Alikuwa na wivu, wala sisemi kwa kumteta, mwenyewe alijisifia. Mumewe akichelewa kanisani dakika kumi, Mbeti ameshauliza kwaya nzima ilivaa nini. Hata hivyo nyumba yao ilikuwa shwari. Mativo, karani mstaafu wa reli, alishinda akiandika kwenye daftari nene historia ya injini za mvuke za kundi moja, kumi na mbili kwa jumla, zilizovuta mabehewa ya viwandani, Industrial Area, zamani. Zilikuwa fupi na nene, zimebeba maji yao wenyewe kwenye matangi ya ubavuni. Kumi na moja zilishakatwa zikauzwa chuma chakavu. Moja ilibaki, nambari kumi na mbili, imesahauliwa kwenye reli iliyokufa, nyuma ya ghala.

Mwezi wa saba maji ya mfereji yakawa ya mgao, na Mbeti akaanza kukosa mtungi mmoja kila siku.

"Baba Koki, hii maji inaenda wapi?"

"Nasaidia mtu."

"Mtu gani?"

Mativo akavaa kofia, akatoka.

Nafula wa nyumba ya pili hakusaidia. "Mwanaume hawezi bebea mtu maji bure," alimnong'oneza wakianika nguo. "Lisemwalo lipo, Mama Koki." Tangu hapo Mbeti hakula akashiba. Alimwona huyo mwanamke waziwazi: mdogo, ana mwanya, mvivu hata wa kuteka maji.

Jumanne saa saba mchana akamfuata. Mativo alikuwa na mtungi begani, anatembea kama kijana. Akavuka reli, akapita kwenye mwanya wa ua, soja wa kulinda ghala, aitwaye Javan, akamsalimia kama mwenyeji. Mbeti akachungulia.

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na injini, nyekundu kwa kutu, majani yameota kwenye magurudumu. Mativo alipanda, akafungua kifuniko cha tangi, akamimina huku akiongea polepole. Sauti ile Mbeti aliijua. Ndiyo aliyoongeleshwa yeye mwaka wa kwanza wa ndoa.

Tangi lilikuwa limetoboka chini, tundu la kupitisha ngumi. Maji hayakumwagika. Ndani, kitu kilimeza.

Hofu ilimjia, lakini wivu ulikuwa umetangulia. Kesho yake asubuhi, Mativo akiwa kwa kinyozi, Mbeti alichukua kufuli ya stoo, akaenda akakifunga kile kifuniko. "Kunywa kutu," akaiambia injini.

Mchana ule Mativo alirudi na mtungi ukiwa bado umejaa, na jioni akashikwa na kiu. Akamaliza birika. Akamaliza sufuria. Akainamia ndoo ya kufulia. Asubuhi midomo ilikuwa imepasuka, na kitambaa cha maji alichowekwa kwenye paji la uso kilikauka kabla Mbeti hajaondoa mkono. Hospitali walimtundikia chupa tatu za maji. Hakutoa hata jasho.

"Umemfungia?" alinong'ona Mativo.

Mbeti akafumba ufunguo kiganjani.

"Soma nambari tisa, kwenye daftari."

Mbeti akaenda nyumbani, akafungua daftari. Kila injini ilikuwa na dereva mmoja. Siku ya kukabidhiwa aliinywesha ndoo ya kwanza kwa mkono wake, na tangu hapo injini haikukubali maji ya mtu mwingine. Ilipokatwa, dereva hakumaliza juma. Alikufa kwa kiu. Wa nambari tisa peke yake alizeeka, kwa sababu mwenzake wa kazini alijitolea, akainywesha akitaja jina lake mwenyewe. Aliyekufa ni huyo mwenzake. Chini ya nambari kumi na mbili Mativo alikuwa ameandika: Haina dereva tena. Nilimimina ndoo moja, mzaha tu.

Mbeti alitoka na mtungi akikimbia. Akafungua kufuli.

"Mimi ni Mbeti. Huyo mwanaume ni wangu. Mwachilie."

Akamimina. Kimya. Kisha kitu kikameza, taratibu, kama kinaonja.

Hospitalini alimkuta Mativo ameketi kitandani, anatokwa na jasho, anakula ugali. Mbeti akalia kwa furaha. Mumewe hakufurahi. Alimtazama kama mtu aliyeibiwa.

"Umeninyang'anya," alisema.

Wiki tatu Mama Koki aling'ara. Kila mchana alitoka na mtungi, amejipaka mafuta, leso mpya. Mativo alimsihi pale mlangoni, sote tukisikia.

"Nikusaidie kubeba tu."

"Usinifuate. Hakutaki."

Ijumaa moja hakurudi. Mativo na Javan walikuta mtungi kando ya gurudumu, mtupu. Pembeni, ndara zake mbili, zimepangwa sawa kama mlangoni pa mtu. Siku ilikuwa ya baridi kali, lakini chuma kilikuwa na joto la kikombe cha chai.

Javan akaonyesha bomba jembamba ubavuni mwa tangi. Limechomelewa ncha zote mbili, na kutu ya pale ilikuwa na umri wa kuwazidi wote wawili. Katikati, bomba lilikuwa limevishwa pete ya ndoa ya Mbeti. Haikukatwa. Haikuungwa. Ukiigusa, inazunguka.

Mativo aliivuta hadi vidole vikatoka damu. Kisha akaweka sikio kwenye tangi, akasikiliza kwa muda mrefu, akaanza kulia.

"Wanaongea, yeye na Mbeti," alimnong'oneza Javan. "Na jina langu hawalitaji."