Maji ya Karuhura Hayalali

Samaki waliokuwa wanakufa Ijumaa, Jumapili asubuhi walikuwa wazima kabisa, na hilo ndilo lililomkosesha Bazilio raha. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake misa. Lakini Bazilio alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati moja ya mjini Kasulu, miaka kumi na miwili anachungulia hadubini, na alijua kuwa ugonjwa una mwendo wake. Huja kwa hatua, huondoka kwa hatua. Anayelala mahututi akaamka anacheza ngoma, huyo hajapona, kuna jingine.

Samaki wenyewe walikuwa sita, wadogo, wa manjano na bluu, wale wa kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika. Aliwanunua Kigoma mwanzoni mwa mwaka huo wa 2013, binti yake Yusta alipotimiza miaka saba, na fundi vioo wa sokoni akamtengenezea tangi. Majirani walimcheka sana. Samaki wa kutazamwa tu, wakati dagaa wanauzwa pale chini! Bazilio alicheka nao. Yusta alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika, na angemtaka tembo angemtafutia tembo.

Alhamisi samaki walianza kupanda juu na kuhema midomo wazi. Bazilio hakubahatisha. Alimshika mmoja kwa kitambaa kibichi, akafunua shavu, akayaona matamvua yamekuwa mekundu kama yaliyoungua. Akafungua bomba, akanusa: klorini kali. Jibu likawa limepatikana. Akawatilia chumvi kidogo, akaongeza nguvu ya pampu, na Ijumaa akachukua madumu manne akaenda bondeni, njia ya kuelekea Rungwe Mpya, kwenye chemchemi ya Karuhura, kutafuta maji yasiyo na dawa.

Aliporudi, jirani yake Mama Castory alikuwa anapepeta maharage uani. Aliyatazama yale madumu, kisha akamtazama yeye.

"Hayo ni ya Karuhura, Baba Yusta?"

"Ego, mama. Ya samaki," Bazilio aliitikia ndiyo kwa Kiha.

"Maji ya Karuhura hayalali. Tumia utakavyo, lakini jua likizama umwage yaliyobaki. Hata kama ni kikombe."

"Ego," alisema Bazilio tena, kwa adabu ile ya mtu anayemwitikia mkubwa bila kukusudia kumtii. Moyoni aliwasifu Waha wa kale. Bila shaka waliona maji yakikaa yanaingia wadudu, wakatunga mwiko ili watu wawe wasafi. Ila samaki nao wana kanuni zao. Maji mapya lazima yakae ndani usiku kucha, yapate joto la nyumba, la sivyo samaki hupata mshtuko wakafa. Kwa hiyo madumu manne yalilala sebuleni, na Jumamosi yakaingia tangini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wasemavyo, lakini nani huukumbuka msemo huo guu likiwa bado zima?

Sasa ilikuwa Jumapili, na samaki walikuwa wazima, na wote sita walikuwa wametulia mstari mmoja, wakiangalia upande mmoja. Bazilio alifuata macho yao. Walikuwa wanautazama mlango wa chumba cha Yusta.

Aligonga kioo. Hawakutikisika. Akamwaga chakula kwenye kona ya pili, wakaenda, wakala, wakarudi kwenye mstari wao.

"Wana nini hao?" aliuliza mkewe, Aneth.

"Wamepona."

Jumatatu mchana Aneth alikuwa peke yake sebuleni akimenya ndizi, na mvua ya Kasulu ile ya manyunyu ilikuwa inanyesha, aliposikia kitu kinagonga kioo. Kucha moja. Inagonga, inanyamaza, inagonga. Alidhani Yusta anachokoza samaki, akageuka amkaripie, akakuta sebule tupu, samaki kwenye mstari wao, na kwenye sakafu ya saruji alama ya maji imetoka chini ya tangi, imepita chini ya meza, imeingia chumbani kwa mtoto, na mfuniko wa tangi ulikuwa umefungwa kwa tofali kama kawaida. Nyumba nzima ilinuka udongo mbichi na majani yaliyooza, harufu ya mahali pasipofika jua.

Jumanne samaki mmoja alikutwa amekufa. Hakuwa ndani ya tangi. Alikuwa juu ya mto wa Yusta, karibu na shavu lake, na Yusta alikuwa bado amelala, akihema mdomo wazi.

Bazilio hakumwambia mkewe alipomkuta. Alimfunga samaki kwenye mfuko, akaenda naye kazini, akasubiri wenzake waende kunywa chai. Akakwangua ute wa ngozi, akakata kipande cha tamvua, akaweka na tone la maji ya tangi kwenye kioo chembamba. Maji ya kisima, ya mto, ya dimbwi, yote aliwahi kuyaona chini ya lenzi, na hakuna yasiyokuwa na kiumbe kinachoogelea. Haya hayakuwa na kitu. Aliona duara la mwanga mweupe, basi. Akasogeza kioo kushoto, akasogeza kulia, akaongeza ukuzaji, jicho lake limebanwa kwenye lenzi, na pale alipokuwa anajiambia kuwa amekosea kuandaa sampuli, lile duara jeupe likafumba, taratibu, kutoka juu na kutoka chini, kama jicho la mtu anayesinzia, kisha likafumbua likamtazama.

Alisukuma kiti nyuma kikaanguka. Aliyemkuta amesimama ukutani alimuuliza kama umeme umempiga. Alijibu kuwa ndiyo.

Siku hiyo hiyo Yusta aliletwa zahanati mikononi mwa mama yake. Alikuwa na vidoa vyeupe mabegani kama chembe za chumvi, na kifua kilipanda na kushuka haraka huku mdomo ukifumbuka na kufumba bila sauti. Bazilio alimchoma kidole mwenyewe, huku Aneth na muuguzi wamemshika kwa nguvu, maana Yusta aliiogopa sindano kuliko simba. Hata katika hali ile alilia mpaka akapaliwa. Malaria hakuna. Damu iko sawa. Joto la mwili, thelathini na nne. Daktari alilipima mara tatu, akabadilisha kipimajoto, akapata lile lile. Walimpa dripu, wakamfunika mablanketi, na mtoto akazidi kupoa. Alhamisi asubuhi daktari alimvuta Bazilio pembeni akamwambia ampeleke hospitali kubwa, kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hana hakika atafika.

"Hili ni jini, Baba Yusta," Aneth alinong'ona pale korido. "Kwetu Handeni nimeliona. Wewe endelea na hadubini yako, mwanangu ndiye huyo anakwenda."

Bazilio aliogopa, na kwa mara ya kwanza maishani aliona aibu ya kuogopa ni kitu kidogo sana. Wakambeba mtoto wakarudi nyumbani, na Bazilio akaenda kupiga hodi kwa Mama Castory.

Mama Castory hakumlaumu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajitanda khanga, akapanda bodaboda, na saa nane mchana akarudi na Mzee Ildefonce, mteko wa upande ule wa Karuhura, ambaye ukoo wake ndio unaoiombea ardhi na maji tangu enzi za mababu. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti la mvua la plastiki. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alilitazama tangi kwa mbali, samaki watano kwenye mstari, na maji yaliyokuwa yanapanda na kushuka, polepole, ingawa pampu ilikuwa imezimwa.

"Nani aliyeyalaza?"

"Mimi, mzee," alisema Bazilio.

"Kule ni kwake, hupita tu. Maji yanakuja, yanakwenda, naye hana pa kushika. Wewe umemsimamishia maji. Umempa nyumba ya kioo, umempa taa, unamlisha asubuhi na jioni." Hakuwa na hasira. "Sisi tunaita igisigo. Mama anaita jini, ni sawa. Amepapenda hapa. Sasa anataka na mwili."

"Tufanye nini, mzee?" aliuliza Aneth.

"Kila kitu kirudi kabla ya jua kuzama. Maji, samaki, mchanga. Na mtoto."

Aneth alimkumbatia Yusta. Mzee Ildefonce alimgeukia Bazilio, akasema kwa sauti ndogo kama anayeogopa kusikiwa na lile tangi. "Utamzamisha mtoto mara moja. Kule chini utapokonywa. Utaitafuta mikono, na itakuja ya wawili. Usifumbue macho, macho yatakudanganya. Mshike wako, umtoe."

"Nitamjuaje?"

"Mzazi hamjui mwanawe?"

Waliyahamishia maji ya tangi kwenye madumu, wakakodi pikapu. Njia nzima maji yalikuwa yanagonga kuta za madumu, hata gari liliposimama. Walifika Karuhura ukungu umeshuka, jua limebaki kidogo kuzama nyuma ya mlima. Mzee Ildefonce aliongea na chemchemi kwa Kiha, muda mrefu, kama mtu anayemwombea radhi mgeni mjinga. Wakamwaga maji dumu kwa dumu. Wakamwaga samaki na mchanga. Kisha Bazilio akaingia, maji yakamfika kifuani, akampokea Yusta kutoka kwa mama yake, mwepesi, baridi, akihema kile kihemo chake cha bila sauti, akasema, "Baba yupo, mwanangu," akafumba macho akamzamisha.

Na maji yakamchukua. Hayakumvuta, yalimpokea tu, kama mtu anavyopokea mzigo kwa mwenzake, na Bazilio akabaki mikono mitupu chini ya maji yasiyokuwa na mwisho, akipapasa huku na huku, akiinama mpaka maji yakamwingia masikioni, akisikia kwa mbali Aneth analia na mzee anaomba, na chini yake, karibu kabisa na magoti yake, akasikia sauti mbili zikisema "baba" kwa pamoja, kisha mkono mdogo ukamgusa kulia na mkono mdogo ukamgusa kushoto.

Wa kushoto ulikuwa baridi na legevu, vidole vyake havikushika kitu. Wa kulia ulikuwa wa moto. Ulimshika kidole gumba kwa nguvu, kama anavyoshika mtoto anayetaka kuishi.

Miaka kumi na miwili ya kazi ndiyo iliyochagua. Chenye joto kina uhai. Bazilio aliukamata mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akavuta, na ule wa kushoto ukamteleza kwenye kifundo, ukaachia.

Yusta alitoka akikohoa. Vidoa vimekwisha. Alimwita mama yake kwa jina la kumdekea, akasema ana njaa, na Aneth akaanguka magoti kwenye matope akicheka na kulia. Bazilio alimgusa shingo. Joto la mtu mwenye afya, hakuhitaji kipimo.

Mzee Ildefonce alimsogelea alipokuwa anakamua shati.

"Mmoja alikuwaje, na mwingine alikuwaje?"

"Mmoja baridi, mmoja wa moto. Nikachukua wa moto."

Mzee alimtazama mtoto. "Na uliyeingia naye," aliuliza, "alikuwaje?"

Bazilio alifungua mdomo ajibu, akakumbuka: mwepesi, baridi. Aligeuka kuyatazama maji, lakini jua lilikuwa limekwisha kuzama, na mzee alikuwa amemshika mkono anamvuta kupanda kilima. "Usirudi," alisema. "Mlango ni mmoja na umepita. Nenda ukalee."

Akalea. Yusta alinenepa, akapanda darasa, akawa mtoto ambaye kila mama mtaani angemtamani. Aneth alitoa sadaka ya shukrani kanisani. Mama Castory tu ndiye aliyeacha kuteka Karuhura. Bazilio alipomuuliza sababu, aliangalia chini, akasema jioni kuna mtoto anasikika pale, halii kwa nguvu, anaita tu.

"Anaita nani?"

"Anaita baba."

Siku iliyofuata Bazilio alitoka kazini akashika njia ya bondeni. Alifika pale juu pa kilima. Alisikia. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi, ameuma kiganja chake asipige kelele, kisha akarudi nyumbani, kwa sababu nyumbani chakula kilikuwa tayari na mkewe alikuwa anacheka.

Wiki hiyo Yusta alipata mafua. Aneth akasema ni heri apimwe malaria, tena baba mwenyewe ana vifaa ndani. Bazilio alivitoa mezani, sindano, pamba, kioo. Tone moja lingetosha. Angeliweka chini ya lenzi, na yeyote aliyekuwa mle angemtazama.

Yusta alikaa mbele yake akanyoosha kidole bila kuambiwa. Hakulia, hakujikunja. Alimtazama usoni kwa upole mkubwa.

"Nipime basi, baba," alisema taratibu, mama asisikie. "Ujue."

Bazilio aliirudisha sindano kwenye pakiti yake. "Sina haja," alisema. "Wewe ni wangu."

Mtoto akatabasamu, akanyoosha mkono, akampangusa machozi kwa kiganja chake cha moto.