Mahindi Yamekauka Kweli?

Katika nyumba ile walilima wanawake wawili, mama mkwe na mke wa mwanawe. Kila mavuno, neno la mwisho lilikuwa la mama mkwe. Aliokota punje moja ya hindi kwenye turubai, akaing'ata. Ikilia "ka!", alisema, "Yamekauka. Jaza magunia." Hakuna aliyebisha.

Lakini mwaka uliopita mahindi yaliota ukungu ghalani. Mengi yalitupwa, na watoto walionja njaa. Mama mkwe alilijua kosa, akalificha moyoni. Magego yake yalikuwa yameng'oka! Siku ya kupima aliizungusha punje kwenye ufizi tu, akasema imekauka. Angefanyaje? Jembe lilishamshinda kwa uzee. Bila meno, angekuwa na kazi gani pale nyumbani? Aliogopa kuwa mzigo.

Safari hii mkwe wake alimwalika bibi shamba, mtaalamu wa kilimo.

"Shikamoo, mama. Mahindi mmeyapima?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo kwanza nataka kupima." Mama mkwe aliokota punje.

"Ngoja kwanza, mama," mkwe wake akamwahi. "Dada huyu ana kipimo chake cha chupa."

Bibi shamba alichukua chupa ya kioo, kavu. Alitia mahindi kidogo na kijiko cha chumvi kavu, akafunga, akampa mama mkwe.

"Tikisa, mama! Tikisa kama unamwamsha mvivu!"

Mama mkwe alitikisa huku akicheka. Kisha waliiacha chupa itulie, wakapiga soga kama robo saa. Walipoitazama, chumvi ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kioo.

"Bado yana unyevu," bibi shamba alieleza. "Yakikauka, chumvi haishiki kioo. Mkiyajaza hivi, yataota ukungu. Na ukungu una sumu, hata ukipika haitoki."

"Basi yarudi juani," mama mkwe akaamuru.

Waliyaanika juu ya turubai, wakayageuza, jioni wakayaingiza ndani. Kila siku mama mkwe alitia punje na chumvi nyingine kavu, akatikisa chupa. Hatimaye chumvi yote ilishuka chini.

"Sasa jaza!"

Mwaka huo hawakutupa hata kibaba. Mavuno mapya yalifika, na ghalani bado kulikuwa na mahindi safi. Mama mkwe alishindwa kuvumilia.

"Mwanangu, mwaka ule niliwaponza. Sina magego."

"Najua, mama."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuchovya kila kitu kwenye chai. Ndiyo maana nikamwita bibi shamba."

"Na hukunisema?"

"Nikuseme kwa meno uliyoyamaliza kwenye mahindi yetu?"

Machozi yalimtoka mama mkwe. Mara jirani akabisha hodi.

"Mama yupo? Nimeanika mahindi, nataka aje na chupa yake anipimie."

"Nipo!" mama mkwe aliitikia. Alifuta macho, akaanza kutafuta viatu vyake.