Mlango Uliotolewa Kwenye Injini

Kila asubuhi kule Ulyankulu, kabla hata ya chai, Tarsisi Manirambona anamimina maji kwenye gari yake. Ni hadtopu ya dizeli, jipu kuukuu, rangi imepakwa kwa brashi. Inabeba mahindi, inabeba wagonjwa, inabeba maharusi. Na kila asubuhi rejeta inataka maji.

"Gari yako inakunywa kuliko ng'ombe," mkewe Niyokwizera alimwambia. "Na maziwa haitoi."

"Gari ni nzima hii. Inachemka kidogo tu. Nani hachemki na jua hili?"

Mambo yalianza hivi. Gari ilichemka mara ya kwanza wakati wa kiangazi. Fundi mmoja wa njiani akafungua injini, akatoa kidude cha chuma, akakitupa majanini. Kinaitwa themostati. "Hiki ni cha nchi za baridi," fundi alisema. "Kwetu huku joto, hakina kazi." Tarsisi alimwamini. Wenye magari wengi kijijini walikuwa wameshatoa zao, na walijisifu.

Tangu siku ile maji yakawa yanaisha haraka zaidi. Tarsisi hakujiuliza kwa nini. Aliongeza tu dumu.

Asubuhi ya leo hakuwa na muda wa kubishana. Mama yake, Nibizi, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya, rozari mkononi. Macho yake yote mawili yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho wamekuja Tabora mjini, na leo ndiyo siku yao ya mwisho. Ikifika saa sita mchana hawapokei mgonjwa tena.

"Tungepanda basi la alfajiri," mama alisema.

"Mama upande basi na mimi nina gari? Watu wataniona vipi?"

"Mimi sijui watu wanakuonaje. Mimi sioni kitu."

Wakaondoka.

Barabara ya vumbi ilikuwa mbaya. Walipopita mashamba ya tumbaku, Tarsisi aliona mshale wa joto umepanda. Akapunguza mwendo. Mshale haukushuka. Akazima redio, kana kwamba redio ndiyo inachemsha injini. Mshale ukazidi kupanda. Jasho likamtoka.

"Naskia harufu," mama alisema. "Kama sufuria iliyosahauliwa jikoni."

"Ni vumbi, mama."

"Vumbi nalijua tangu hujazaliwa wewe. Hili si vumbi."

Walipoingia kwenye senta moja ndogo ya maduka, moshi mweupe ulipasuka mbele ya kioo. Gari ikakohoa. Tarsisi akaizima, akaruka chini, akafungua boneti. Mvuke ulimpiga usoni. Akavua shati, akalizungushia mkononi, akashika kifuniko cha rejeta.

"Wewe! Toa mkono hapo!"

Sauti ilitoka kwenye banda la mabati kando ya barabara. Mwanamke wa makamo, ovaroli lina grisi mpaka magotini, spana mkononi, alikuwa anakuja mbio.

"Ukifungua hicho kifuniko sasa hivi, maji yatakurukia yakuchune uso kama kuku! Rudi nyuma!"

Tarsisi alirudi nyuma. "Dada, nina haraka. Nataka kuongeza maji tu."

"Maji ya baridi kwenye injini inayochemka? Unataka kuipasua hedi, kichwa cha injini? Mimi naitwa Kuluthumu, fundi wa hapa. Huyo mama mbele ni nani?"

"Mama yangu. Tunawahi madaktari wa macho mjini. Mwisho saa sita."

Kuluthumu alisogea dirishani. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana kafanya nini?"

"Bado hajafanya. Alikuwa anataka kufanya."

Tarsisi aliangalia barabara. Basi lingine ni la jioni. Bodaboda zilikuwepo, lakini mama alishaanguka na kuvunjika nyonga kwa kutoona, na bodaboda hapandi. Kwa hiyo ni gari hii, au mama arudi nyumbani na giza lake.

"Tunasubiri ipoe," Kuluthumu alisema. "Hakuna ujanja."

Wakasubiri. Tarsisi alizunguka gari kama mbwa aliyefungwa. Ilipopoa kabisa, Kuluthumu akafungua kifuniko taratibu, akachungulia. Akavuta kijiti cha oili, akakiangalia. "Oili haijaingia maji. Una bahati, hedi bado ipo." Kisha akagusa bomba la juu la rejeta. "Themostati iko wapi?"

"Ilitolewa. Si ya nchi za baridi?"

Kuluthumu alicheka kwa uchungu. "Hayo ndiyo maneno yanayonipa kazi hapa kila wiki. Njoo uone."

Akampeleka bandani. Akachukua themostati mpya, akaifunga uzi, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwenye mkaa. Maji yalipokuwa yanakaribia kuchemka, kile chuma kikaanza kufunguka chenyewe, polepole. Akakitoa nje. Kikapoa, kikajifunga.

"Umeona? Huu ni mlango. Injini ikiwa baridi, unafunga, injini inapata joto haraka. Injini ikipata moto, unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta yakapoe. Sasa sikiliza vizuri. Kwenye injini kama yako kuna njia nyingine, fupi, inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mlango huu ukifungua njia kubwa, unaziba ile fupi. Wewe umeutoa. Maji mengi yanakimbilia njia ya mkato. Hayapoi. Yanazunguka na moto wake humo humo."

Tarsisi aliitazama themostati. "Kwa hiyo ninavyoongeza maji kila siku..."

"Unaongeza supu."

Kuluthumu akafanya kazi haraka. Akakinga maji machafu kwenye beseni. Akafungua bolti, akatoa mfuniko, akakwangua gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuziba maji, mpaka chuma kikang'aa. Akaweka themostati, kitundu chake kidogo kikaelekea juu. "Hapa hewa inapitia. Ukiweka chini, hewa inanasa." Akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kidogo kidogo, huku na huku, zisipinde mfuniko. Kisha akamimina koolanti, dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji safi.

"Maji matupu yanaotesha kutu ndani. Na koolanti ni tamu, usimwage chini. Mbuzi akilamba, anakufa. Mtoto vilevile." Galoni likaisha. "Ngoja nikalete lingine dukani. Usiondoke! Hatujatoa hewa."

Akapanda pikipiki yake, akaenda.

Tarsisi aliangalia jua. Lilikuwa limepanda sana. Aliangalia rejeta, akaona imejaa mpaka mdomoni. Hewa gani tena? Akafunga kifuniko, akashusha boneti, akaingia ndani.

"Fundi amesema twende?" mama aliuliza.

"Amemaliza."

Gari iliwaka vizuri. Mwanzo mshale ulitulia, naye akapiga mluzi. Walipoiacha senta, mshale ukaruka. Ukaruka tena. Tarsisi akakumbuka kwamba hita ikiwashwa inavuta joto la injini. Akaiwasha. Hewa ikatoka baridi, baridi kabisa, na mshale uko karibu na alama nyekundu.

Injini moto, hita baridi. Maana yake maji hayazunguki humo ndani. Akiendelea, labda atafika. Labda injini itakufa porini, na mama atakaa hapo mpaka jua lizame. Mguu wake ulikuwa bado kwenye mafuta.

"Tarsisi," mama alisema kwa Kirundi, "mwana wanje, mwanangu, unahema kama mtu anayefukuzwa."

Akautoa mguu. Akasimama. Akazima injini.

"Tumefika?"

"Hapana mama. Fundi hakusema twende. Nimekudanganya."

Mama alishika rozari yake, akaanza kuhesabu punje. Hilo lilimuuma Tarsisi kuliko tusi.

Matusi yalikuja na pikipiki. "We mkaka!" Kuluthumu alishuka na galoni. "Hayo masikio umewekewa urembo? Nimesema hatujatoa hewa! Umejaza juu, chini kuna povu la hewa limekaa kama jiwe kooni. Maji hayapiti!"

"Nimekosa, dada. Nimezima mwenyewe."

Kuluthumu alimtazama. Sauti ikashuka. "Hapo umeokoa injini. Haya, kaa chini ipoe."

Tarsisi alikaa kwenye vumbi. Safari hii hakuzunguka.

Ilipopoa walisogeza gari mpaka pale barabara inapopanda, pua ikaelekea juu. "Hewa inapenda kupanda," Kuluthumu alisema. "Mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote, itatokea hapo." Akatoa kifuniko. "Hita weka moto wote. Washa, usikanyage mafuta."

Injini ikanguruma. Kuluthumu akaminya bomba la juu, akaachia, akaminya. Bwa! Bwa! Mapovu yakatoka mdomoni, maji yakashuka ghafla.

"Ongeza!"

Tarsisi akaongeza. Mapovu tena. Maji yakashuka tena. Hakumwaga hata tone. Wakaendelea hivyo mpaka bomba la juu likapata moto.

"Gusa. Mlango umefunguka."

Mapovu yakapungua, yakaisha. Ndani ya gari hita ikaanza kupuliza moto kama tanuri.

"Sasa mnanipika!" mama alipiga kelele.

"Ndiyo dawa hiyo, mama!" Kuluthumu akafunga kifuniko. "Nendeni. Macho kwenye mshale. Kesho injini ikiwa baridi, angalia maji tena, yatakuwa yameshuka kidogo."

Mshale ulikaa katikati mpaka Tabora.

Hospitalini nesi alikuwa anaondoa meza mlangoni. Aliwatazama, Tarsisi grisi mpaka masikioni, mama amelowa jasho la hita. "Mmekuja na gari au mmeibeba?" Akaangalia saa ukutani, akarudisha meza. "Ingia mama. Wewe ndiye wa mwisho."

Mama alipasuliwa jicho la kulia mchana ule, na siku ya pili walimfungua bandeji. Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Kumbe una mvi," alisema. Kisha akalia.

Wakati wa kurudi Tarsisi alisimama sentani. Mama alishuka mwenyewe, bila kushikwa, akaenda moja kwa moja mpaka bandani.

"Wewe ndiye uliyemtukana mwanangu?"

Kuluthumu aliweka spana chini. "Ni mimi, mama. Shikamoo. Nisamehe."

"Marahaba. Nikusamehe nini? Umechelewa tu. Ungemtukana mapema."

Wakageuka kumtazama Tarsisi. Alikuwa amefungua boneti. Mkono wake ulielekea kwenye kifuniko cha rejeta, ukasita, ukarudi. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya gari yake, mikono magotini.

"Anafanya nini?" Kuluthumu aliuliza.

"Anasubiri ipoe," mama alisema. "Namwona."