Maji ya Ziwa Katika Ua wa Gasenyi

Haya yalimkuta shemeji yangu Bahizire, mume wa dada yangu Odette. Mwisho wa mambo hayo niliuona kwa macho yangu, ndiyo maana nayasimulia bila kuogopa kuitwa mwongo.

Bahizire alitoka Uvira zamani, akajulikana bandarini kwa kutengeneza injini za boti. Kazi ndogo alizifanyia nyumbani kwake Gasenyi, mbali kabisa na ziwa. Asubuhi moja ya kiangazi, Nasser, yule Mwarabu mwenye duka la vitambaa mjini, akaleta pikipiki yake ya maji nyuma ya gari.

“Inaingiza maji, fundi,” alisema. “Nataka iwe tayari Jumapili. Nimemwahidi Dalia.”

Dalia ni binti yake, mtoto wa shule ya msingi.

Tatizo halikumsumbua Bahizire. Shafti, ule mti wa chuma unaotoka kwenye injini kwenda kuzungusha propela nyuma, hupita kwenye tundu. Tundu hilo huzibwa kwa mpira. Mpira ulikuwa umepasuka. Akaweka mpya, akakaza, akapaka grisi, kisha akamwaga maji kwa nyuma huku Odette akichungulia ndani.

“Hata tone,” alisema dada.

Bahizire akakausha tumbo la mashine kwa kitambaa, akafunika kiti, akaenda kula.

Kesho yake alipofunua kiti, maji yalikuwa yamefika nusu ya injini.

Mvua haikuwa imenyesha. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu wiki iliyopita. Alidhani ni mzaha wa jirani, mpaka alipochota kiganja kimoja akanusa. Yalikuwa maji ya ziwa. Kwenye kiganja chake kilibaki kikonokono kimoja, kikitambaa.

Akafungua kila kitu. Mpira ulikuwa mzima. Akaufunga upya, akakausha tena. Kesho yake maji yakawa yamerudi, na safari hii yalikuwa na mchanga.

“Baba Sephora, rudishia mwenyewe kitu yake,” Odette alimwambia. “Hii apana kazi ya fundi.”

“Ngoja, Mama Sephora. Mi nataka nione penye inapitia.”

Wakaketi mbele ya mashine, kiti kikiwa wazi, jua la mchana likiwaka utosini. Kuku walikuwa wanaparua ukutani. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu.

Kisha kuku wakanyamaza.

Shafti ikasogea. Ufunguo haukuwemo na betri ilikuwa imeshushwa chini, lakini shafti ikazunguka polepole, kama kuna mtu ameishika kwa nyuma anaizungusha kwa mkono. Bahizire akaruka kwenda nyuma. Hakukuwa na mtu. Aliporudi, maji yalikuwa yanachuruzika kuizunguka shafti, kutoka upande ambao ulikuwa hewa tupu.

Odette akamshika shati. Ndani ya tundu mtu alikuwa anapumua.

Halafu sauti ya mwanamke ikanong’ona neno moja.

“Asipande.”

Jumamosi Nasser alikuja kuchukua mali yake. Bahizire alimkaribisha kiti, akakataa.

“Patroni, nani alipanda hii mashini mara ya mwisho?”

Nasser aliitazama mashine. “Mama yake Dalia. Tulikuwa wawili. Wimbi likamchukua Asiya mgongoni kwangu. Nilizunguka hadi mafuta yakaisha. Hatukupata hata mwili wa kuzika. Kwa nini unauliza?”

“Usimupeleke mutoto ku ziwa. Nakuomba.”

Bahizire akamweleza yote. Nasser alisikiliza akitazama chini. Kisha akakasirika.

“Umeshindwa kazi, sema umeshindwa! Wallahi, mke wangu usimtie kwenye uchawi wako. Mtoto hajacheka tangu mama yake aondoke. Funga hapo, mimi nakuangalia.”

Bahizire akafunga, huku Nasser amemsimamia. Akapaka grisi nene kuzunguka shafti na mpira, akailainisha kwa kitambaa ikawa kama siagi. Nasser mwenyewe akafunga kiti kwa ufunguo, akautia mfukoni.

Jumapili mchana shemeji hakuweza kukaa nyumbani. Akaja kunichukua kwangu Ngagara, twende ufukweni. Watu walikuwa wengi, brosheti za nyama zinanukia motoni, muziki juu. Tulifika Nasser na Dalia wakiwa wamekwisha kuondoka. Tuliwaona mbali, Dalia ameketi mbele na koti la kuokolea, baba nyuma yake.

Ziwa lilikuwa limetulia.

Mashine ikasimama.

Nasser akageuza kichwa nyuma, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akatazama maji. Akatazama muda mrefu. Bahizire akaanza kupiga kelele, muziki ukaimeza sauti yake.

Nasser akavua koti lake. Akamvalisha binti yake juu ya lile la kwanza. Akatia mguu majini, kisha wa pili, taratibu, kama anashuka barazani kwake.

Hayakuruka maji. Hakutapatapa.

Wavuvi ndio waliomvuta Dalia hadi nchi kavu. Alikuwa mkavu mpaka viatu. Hakuwa analia. Bahizire akapiga magoti mbele yake.

“Papa yako iko wapi, mutoto wangu?”

“Ameshuka,” alisema. “Aliniambia, mama yako amechoka kushika.”

“Kushika nini?”

Mtoto akanyoosha kidole kwenye kiti alichokuwa amekalia.

Walimtafuta Nasser hadi askari wa majini walipokata tamaa. Ufunguo ulikwenda naye, kwa hiyo Bahizire alivunja kufuli mbele ya shangazi yake Dalia, mimi na wale wavuvi. Kiti kilipofunuka tukaona mpira umechanika toka juu hadi chini, tukategemea kukuta maji. Wavuvi walishangaa chombo kile kilivyoelea.

Ndani kulikuwa kukavu. Kulikuwa na vumbi.

Bahizire akainama, kisha akarudi nyuma. Nami nikainama. Kwenye grisi, pale pale mpira ulipochanika, kulikuwa na alama ya mkono. Vidole vitano vyembamba vilikuwa vimeizunguka shafti, vimekaza mpaka chuma kinaonekana. Ulikuwa mkono wa kushoto. Kwenye kidole cha pete grisi ilikuwa imebonyea mstari mmoja mwembamba, wa duara.

Shangazi akasema taratibu, “Ondoeni mtoto hapa.”

Mikono ya Bahizire ni mipana. Ile alama ingeweza kuingia mara mbili ndani ya kiganja chake.